Kompyuta kuukuu na mlima Kitonga: Linux ipi itakufaa?

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya waliokosa kusikiliza na wale walioomba nakala.)



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, wala hazitazimika kwa sababu hiyo. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani yale marekebisho yanayoshushwa kila mwezi ili kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyapitia. Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa wale tu waliojiandikisha. Mfumo uliofuata, Windows 11, una masharti yake: kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine, na prosesa ambayo kwa zile za Intel ni ya kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani mashine zilizoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2017 na 2018.

Sasa tembea Mwanjelwa hapa Mbeya, au pita maduka ya katikati ya mji wa Iringa, utazame laptopu za mtumba zilizopangwa kaunta. (Wataalamu wa lugha wanatutaka tuseme kompyuta mpakato, nami nawaheshimu, lakini neno hilo halijafika Mwanjelwa.) Utakuta Core 2 Duo, utakuta Core i3 na Core i5 za kizazi cha 1, cha 2 na cha 3. Ni mashine imara, nyingi zilikuwa za maofisini Ulaya, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotimiza masharti ya Windows 11.

Msikilizaji wetu wa Mafinga, mwenye steshenari ndogo, ameleta swali ambalo naona linawahusu wengi. Ana laptopu mbili. Moja ni Core 2 Duo yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, nyingine ni Core i5 ya kizazi cha 2 yenye gigabaiti 4. Kwa mashine hizo anachapa barua za maombi ya kazi, anatengeneza mitihani ya walimu, na anawafungulia wateja akaunti za mikopo ya elimu ya juu. Fundi mmoja amemshauri anunue nyingine. Fundi wa pili amejitolea kumwekea Windows 11 ya kuchakachua. Kijana wa tatu, mwanafunzi, amemwambia aweke Linux, kisha akamtajia majina kumi ya Linux na kuondoka zake.

Hapo ndipo pa kuanzia, maana majina hayo ndiyo yanayowakimbiza watu.

Linux ilianza 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi na kuwaalika wengine wakione. Alichoandika kilikuwa kiini tu. Sisi tunaokaa kando ya barabara ya TANZAM tunaweza kukiita injini. Injini peke yake haibebi abiria wala viazi. Inahitaji fremu, bodi, viti, usukani na taa. Kikundi kinachochukua injini ya Linux, kikaifungia bodi na kila kinachohitajika, kikakupa gari lililokamilika, ndicho kinachotoa kile kinachoitwa distribusheni, au kwa kifupi cha mafundi, distro. Ndiyo maana majina ni mengi wakati injini ni ile ile.

Debian ni distro iliyoanza 1993, na ni mama wa nyingi. Kutokana na Debian ilizaliwa Ubuntu mwaka 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, aliyetumia neno la kwao lenye maana ile ile ya neno letu utu. Kati ya 2005 na 2011 Ubuntu ilikuwa ikituma sidii za bure kwa njia ya posta kwa yeyote duniani aliyeomba, na wako watu wa umri wangu ambao Linux yao ya kwanza waliichukua kwenye sanduku la posta.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 2004 mradi ulioitwa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Wasweden, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, Chuo Kikuu cha Tumaini mjini Iringa, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha mwaka 2007 shahada ya teknolojia ya habari pamoja na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland, kwa nia kwamba mafunzo yafuate mazingira ya hapa na siyo kunakiliwa kutoka Ulaya. Kwa hiyo Wafini walituletea injini, kisha wakaja na walimu.

Turudi kwenye uzito. Kinachoilemea laptopu kuukuu mara nyingi siyo injini. Ni bodi, na zaidi ya bodi, ni mzigo.

Bodi ni ile sura unayoiona ukiwasha: madirisha, menyu, picha ya nyuma, vivuli na vimulimuli. Ziko sura nzito, mathalani GNOME, ambayo ndiyo Ubuntu ya kawaida huja nayo. Ziko za wastani, kama Xfce. Ziko nyepesi, kama LXQt. Na ziko zile ambazo kimsingi ni fremu na usukani tu, kama IceWM na Fluxbox. Mashine ikishawaka, kabla hujafungua chochote, Xfce yenye mapambo ya kawaida inaweza kuwa imekwisha kula sehemu tatu kwa nne ya gigabaiti moja. IceWM itatosheka na robo hivi.

Mzigo wenyewe ni kivinjari cha intaneti. Fungua Firefox au Chrome na kurasa nne tano za siku hizi, mojawapo ikiwa ya video, na gigabaiti nzima imekwenda, pengine na zaidi. Hapa naomba tuelewane vizuri, maana wauzaji wa matumaini ni wengi. Hakuna distro inayoweza kuufanya ukurasa wa Facebook uwe mwepesi. Ukurasa ni ule ule. Unachoweza kupunguza ni bodi, ili injini ibaki na nguvu ya kuupandisha mzigo mlima Kitonga. Mwenye gigabaiti 2 akichagua bodi ya robo gigabaiti, kivinjari chake kinabaki na nafasi ya kupumua. Akichagua bodi ya gigabaiti nzima, gari litazimikia katikati ya kona.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza Linux ipi ni nyepesi kuliko zote, tazama mashine yako ina nini. Kwenye Windows, shika kitufe cha Windows na kile cha Pause kwa pamoja, au ingia kwenye mipangilio sehemu ya kuhusu mfumo. Utaona kumbukumbu, ile ambayo mafundi wanaiita ramu, na pia utaona kama prosesa ni ya biti 32 au 64. Hapo uwe makini kidogo: mara nyingi mashine ni ya biti 64 lakini fundi wa zamani aliiwekea Windows ya biti 32. Soma mstari unaoeleza prosesa, usisome ule wa Windows peke yake. Core 2 Duo zote ni za biti 64. Vile vilaptopu vidogo vya miaka ya 2008 na 2009 vyenye Atom N270 ni vya biti 32 kweli.

Nianze na hiyo Core i5 ya gigabaiti 4 ya Mafinga, kwa kuwa ndiyo rahisi. Mashine hiyo haihitaji distro ya kujinyima. Iwekewe Linux Mint ya sura ya Xfce. Watengenezaji wa Mint wenyewe wanataja gigabaiti 2 kuwa kiwango cha chini na 4 kuwa kiwango cha kufanya kazi kwa raha. Menyu iko chini kushoto kama mtu alivyozoea, LibreOffice imo tayari, Firefox imo tayari, na kila toleo kuu hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5. MX Linux nayo, ambayo pia huja na Xfce, ni nzuri sana, na ina vifaa vingi vya ukarabati ambavyo fundi atavipenda. Mimi ningempa Mint kwa sababu moja ambayo haimo katika majedwali ya kulinganisha: Mint imetokana na Ubuntu, na kijana yeyote wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au Iringa, akiwa amewahi kugusa Linux, aghalabu aligusa Ubuntu. Siku printa ikigoma, mwenye steshenari atahitaji mtu, siyo jedwali.

Hiyo ya gigabaiti 2 inataka kufikiriwa. Wengi wangesema Lubuntu, ambayo ni Ubuntu yenye sura ya LXQt. Ni distro safi na inafanana na Windows ya zamani. Lakini Firefox ya Lubuntu huja katika kifurushi cha aina inayoitwa snap, na kwenye diski ya zamani ya kuzunguka kifurushi hicho huchelewa sana kufunguka mara ya kwanza baada ya kuwasha. Kwa mteja anayesubiri mbele ya meza, dakika hiyo ni ndefu. Kwa sababu hiyo, kwa gigabaiti 2 naona antiX inafaa zaidi. Inatumia IceWM, imejengwa juu ya Debian, na ilitengenezwa tangu mwanzo kwa nia ya kuzifufua mashine kuukuu. Sura yake haivutii, nakiri, na menyu zake zimejaa vitu ambavyo mchapaji hatavigusa maisha yake yote. Ikikutisha, iko MX yenye sura ya Fluxbox, ambayo ni ndugu yake na ina adabu zaidi.

Lakini kabla ya yote hayo, uliza bei ya vitu viwili: kadi ya ramu ya mtumba na diski ya SSD ndogo. Core 2 Duo nyingi zinakubali gigabaiti 4. Na SSD hata ya gigabaiti 120, ikichukua nafasi ya diski ya kuzunguka iliyochoka, hubadilisha laptopu kuliko distro yoyote niliyoitaja. Aliye na fedha ya kufanya jambo moja tu, anunue SSD, kwa sababu Linux yenyewe ni bure.

Sasa wale wa biti 32, pamoja na wote wenye gigabaiti 1. Hapa sitaki kumdanganya mtu. Mlango unafungwa. Ubuntu iliacha kutoa diski ya kusimikia ya biti 32 mwaka 2017. Google iliacha kutengeneza Chrome ya biti 32 kwa Linux tangu 2016. Mozilla nayo, kwa matoleo ya kawaida ya Firefox, ilifuata mwaka 2025. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikio cha biti 32, na MX na Mint ya Debian zikafuata mwaka huo huo. Kinachobaki ni zile zilizojengwa juu ya Debian 12, kama antiX 23, ambayo ina toleo la biti 32, na huduma ya muda mrefu ya Debian 12 imepangwa kufikia Juni 2028. Iko pia Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Hiyo hujipakia yote ndani ya kumbukumbu, kiasi kwamba laptopu iliyokufa diski inaweza kufanya kazi kwa flashi tu. Ni maajabu kuiona. Ila kwa kawaida Puppy humfanya mtumiaji kuwa msimamizi mkuu mwenye mamlaka yote, kwa hiyo nisingeshauri mtu afungulie akaunti ya benki hapo. Mashine ya namna hii ipewe kazi yake ya haki: kuchapa, kuhifadhi hesabu za duka, kumfundishia mtoto kibodi. Ukiitaka icheze video za YouTube utaishia kuichukia.

Na ile Windows ya kuchakachua je? Ukiachilia mbali sheria, zingatia hili. Programu inayoingizwa ili kuvunja kufuli ya Windows inapewa ruhusa zote za mashine, na aliyeitengeneza humjui. Mwenye steshenari anaandika nywila za wateja wake mchana kutwa: za mikopo, za ajira, za barua pepe. Mtihani wa kidato cha nne wa shule ya jirani umo ndani ya diski hiyo hiyo. Mtumishi wa serikali anayeingia kwenye mfumo wa utumishi kutazama taarifa zake za mshahara anaingilia hapo. Mashine ya namna hiyo, ikiibiwa siri, inayemuaibisha ni mwenye duka.

Watu wananiuliza, hiyo mifumo ya serikali inafunguka kwenye Linux? Ile inayotumika kwa kivinjari, ambayo siku hizi ndiyo mingi, inafunguka kwa Firefox kama kawaida. Isiyofunguka ni programu iliyotengenezwa mahsusi kusimikwa kwenye Windows. Ikiwa kazi yako inategemea programu moja ya hesabu ya aina hiyo, au mafaili ya Excel yenye maagizo ya kujiendesha yaliyoandikwa ndani yake, basi usihame mpaka umeyajaribu. Kwa barua, mitihani na wasifu wa waombaji kazi, LibreOffice inatosha, nayo inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Tatizo dogo ni herufi. Times New Roman na Calibri ni mali ya watu, hazimo. Badala yake zimo Liberation na Carlito, ambazo upana wake umepimwa ulingane na hizo, ili ukurasa usihame. Carlito isipokuwapo, iongeze, vinginevyo wasifu wa ukurasa mmoja utarudi ukiwa na mistari miwili ukurasa wa pili, na mteja atakulaumu wewe. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili inapatikana pia.

Jambo jema kuhusu Linux ni kwamba unaonja kabla ya kununua, tena hununui. Faili la distro huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au Ventoy. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha. Kisha unawasha laptopu huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, unachagua flashi, na mfumo unawaka bila kugusa diski yako. Katika hali hiyo jaribu vitu vinne: waifai, sauti, printa, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Itakwenda polepole kuliko ikisimikwa, hilo lisikuvunje moyo. Waifai ikikataa, mara nyingi ni zile kadi za Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB na uitumie simu kama modemu. Karibu kila distro inaipokea bila maswali.

Faili lenyewe ndilo gharama. Mint ni karibu gigabaiti 3, Lubuntu vivyo hivyo, antiX kamili ni chini ya 2, Puppy chini ya 1. Kwa bando la simu hilo ni jambo la kufikiri. Tafuta mwenye intaneti ya chuo au ofisi akushushie, au mwenye flashi iliyokwisha andikwa. Kunakili na kumpa mwenzio ni halali kabisa, leseni yenyewe inaruhusu. Ukipewa na mtu, lakini, mwombe akuonyeshe kwamba alilinganisha namba ya uhakiki ya faili na ile iliyo kwenye tovuti ya wenyewe.

Siku ya kusimika, kwanza hamisha mafaili yako yote kwenye diski ya nje, kisha fungua matatu manne kwenye kompyuta nyingine uone kama yanafunguka. Kisimikio kikiuliza kama kifute diski nzima, hakitanii. Na kwa kuwa laptopu nyingi za mtumba betri zake hazishiki hata dakika tano, usianze kazi hiyo msimu wa radi jioni, au fanyia mahali penye jenereta au sola. Umeme ukikatika katikati, mashine haiharibiki, ila utaanza upya, na kama mafaili hukuyahamisha yamekwenda.

Kwa ndugu yetu wa Mafinga, basi: aanze na hiyo ya gigabaiti 4, aiwekee Mint, aitumie juma zima huku ile nyingine ikibaki kama ilivyo kwa ajili ya wateja wenye haraka. Akiridhika, anunue ramu na SSD kwa ile ya pili kabla ya kuamua kati ya antiX na Mint. Ikifika gigabaiti 4, nayo aiwekee Mint, ili asihitaji kukumbuka menyu mbili.

Walioandika kuhusu printa ndogo za leza za Canon, na barua zenu zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, nitawajibu juma lijalo. Wenye HP wanaweza kujaribu hata leo: chomeka waya, subiri, bonyeza kuchapa.